Kilwa na Majirani Saba wa Dunia

Wavuvi wa dagaa wa Somanga na Kilwa Kivinje hawaupendi mwezi mpevu. Mwanga wake ukitanda juu ya maji taa zao hazifui dafu, dagaa hawakusanyiki, na mashua nyingi hulala ufukweni. Kazi hupamba moto wakati wa kiza, siku zile ambazo mwezi haupo au huchelewa kuchomoza. Kiza hicho hicho kinaifanya pwani ya Kilwa na Lindi kuwa mahali pazuri sana pa kutazama anga. Miji ni midogo, taa za barabarani ni chache, na upande wa mashariki hakuna kitu ila bahari mpaka upeo wa macho.

Kati ya taa zote za mbinguni zinazoweza kuonekana usiku kama huo, zimo tano ambazo si nyota. Nazo ni Zebaki, ambayo wengine huiita Utaridi, kisha Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Si kila usiku zote huwa juu, lakini kwa mwaka mzima kila moja hupata zamu yake, na hakuna inayohitaji darubini. Ongeza Dunia yenyewe, kisha Uranusi na Neptuni zilizo mbali mno kwa macho matupu, upate sayari nane zinazolizunguka Jua. Vitabu vya shule vya zamani vilitaja tisa. Ya tisa, Pluto, iligunduliwa mwaka 1930 na kuondolewa katika orodha Agosti 2006, wanaastronomia wa dunia walipokutana Prague na kukubaliana kwamba gimba dogo linalochangia njia yake na magimba mengine mengi liitwe sayari kibete.

Kuitambua sayari si kazi ngumu. Nyota ni jua la mbali, linalowaka lenyewe. Nuru yake hufika kama nukta nyembamba, hewa ya Dunia huitikisa, na ndiyo maana nyota humetameta. Sayari haina nuru yake, huakisi ya Jua tu. Kwa kuwa iko karibu, uso wake ni mpana kidogo, na nuru yake hutulia. Dalili ya pili inataka subira. Nyota hubaki mahali pake kati ya nyota nyingine mwaka hadi mwaka, lakini sayari huhama. Leo iko jirani na nyota fulani, na wiki mbili baadaye imeshaiacha nyuma.

Kwa ajili ya kuhama huko, marubani wa zamani hawakuzitegemea. Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri wa karne ya 15, alitoka Julfar, eneo ambalo leo limo katika Ras al-Khaimah, Falme za Kiarabu. Aliandika mashairi marefu ya urubani, mojawapo likiwa al-Sufaliyya, linaloeleza njia ya bahari hadi Sofala, bandari ya dhahabu iliyoitajirisha Kilwa. Rubani wa wakati wake alishika kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, akauma uzi kwa meno, kisha akapima nyota imesimama vidole vingapi juu ya bahari. Kwa kipimo hicho alijua kama amefika usawa wa Mogadishu, wa Mombasa au wa Kilwa. Nyota ya Kaskazini haikumfaa huku, kwa sababu Kilwa iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta na nyota hiyo huwa imezama chini ya upeo. Ilimbidi apime nyota nyingine za upande ule. Mshtarii na Zuhura, ingawa zinang'aa kuliko nyota zote, hazikuweza kumwambia yuko wapi.

Hata hivyo sayari hazitangitangi ovyo. Zote hupita katika ukanda mmoja wa anga, ule ule unaopitwa na Jua na Mwezi, kwa sababu zote zilitokana na sahani moja pana ya gesi na vumbi iliyolizunguka Jua changa yapata miaka bilioni 4.6 iliyopita. Watu wa pwani huutazama ukanda huo kila mwaka wanapousaka mwezi mwandamo wa Ramadhani na wa Shawwal. Macho yote huelekea magharibi baada ya Jua kutua, na mara nyingine, kabla ya uzi ule mwembamba wa mwezi kuonekana, hujitokeza kwanza taa nyeupe kali iliyotulia. Hiyo huwa Zuhura. Katika ukanda huo huo, jioni ya 21 Desemba 2020, Mshtarii na Zohali zilikaribiana kiasi kwamba kwa macho ya wengi zilikuwa kama taa moja. Zitakutana tena mwaka 2040.

Hapa Kilwa ina bahati ambayo nchi za kaskazini hazina. Karibu na ikweta, ukanda wa sayari husimama karibu wima juu ya upeo, na Jua huzama moja kwa moja, giza likaingia upesi. Zebaki, ambayo haiachani na Jua zaidi ya nyuzi 28, huko Ulaya ya kaskazini mara nyingi humezwa na mwanga wa machweo. Mtu wa Kilwa aliye na upeo safi wa mashariki anaweza kuiona alfajiri, nukta ya wekundu hafifu juu ya bahari, katika siku zile chache inapokuwa mbali na Jua. Ni sayari ndogo kuliko zote, huzunguka Jua kwa siku 88, na haina hewa ya kuhifadhi joto. Mchana wake hufika nyuzi 430 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi nyuzi 180 chini ya sifuri.

Umbali ndio unaowashinda watu wengi, kwa sababu picha za vitabuni huzibana sayari zote katika ukurasa mmoja. Barabara ya kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kivinje, yenye urefu wa takriban kilomita 30, inasaidia kuliko picha hizo. Jua na liwekwe Masoko, tufe lenye upana wa mita 9. Dunia itakuwa kilomita 1 kutoka hapo, nayo itakuwa na ukubwa wa chungwa. Zebaki, ndogo kuliko ndimu, itakuwa mita 390 kutoka Jua, na Zuhura, chungwa jingine, mita 720. Mirihi, ndimu moja, itawekwa kilomita moja na nusu. Baada ya hapo bajaji itakwenda mwendo mrefu bila kukuta kitu: Mshtarii, tufe lenye upana unaokaribia mita moja, iko kilomita 5 na ushei, Zohali kilomita 9 na nusu, Uranusi kilomita 19, na Neptuni, yenye ukubwa wa tikiti, ndiyo iliyofika Kivinje. Abiria akiuliza nyota nyingine iliyo jirani na Jua iko wapi, jibu ni kwamba bajaji haifiki. Kwa kipimo hicho hicho ingekuwa kilomita 268,000, zaidi ya nusu ya safari halisi ya kwenda Mwezini.

Kwa kipimo cha kweli, kutoka Jua hadi Dunia ni kilomita milioni 150. Nuru hukata umbali huo kwa dakika 8, na huchukua saa 4 kufika Neptuni.

Sayari ambayo Kilwa inaifahamu kuliko zote ni Dunia, na kuna jambo moja la kisayari ambalo bila hilo mji huu usingekuwapo kama tunavyoujua. Mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23 na nusu hivi. Kwa sababu ya mwinamo huo, katikati ya mwaka upande wa kaskazini huelekea Jua, bara la Asia hupata joto kali, hewa yake hupanda, na upepo huvutwa kutoka kusini kwenda kulijaza pengo. Huo ndio kusi. Mwisho wa mwaka mambo hugeuka: Asia hupoa, joto huhamia kusini, na upepo hurudi kwa njia ya kaskazi. Kujizungusha kwa Dunia, ambako katika usawa wa Kilwa ni mwendo wa takriban kilomita 1,650 kwa saa kuelekea mashariki, huzipinda pepo hizo zisiende moja kwa moja.

Majahazi ya Arabuni na India yalishuka kwa kaskazi na kupanda kwa kusi. Kilwa ilikuwa karibu na kikomo cha kusini ambacho chombo kingeweza kufika na kurudi kwa zamu moja ya pepo, na nafasi hiyo ikawapa watawala wake udhibiti wa dhahabu iliyotoka Sofala. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyejenga jumba la Husuni Kubwa ambalo magofu yake yangali juu ya mwamba wa Kilwa Kisiwani. Magofu hayo na ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mgeni anayeyatembelea huelezwa habari za wafalme, matumbawe na dhahabu. Ingefaa aelezwe pia habari za mwinamo wa Dunia, maana huo ndio uliowaleta wafanyabiashara na kuwarudisha kwao.

Mwinamo huo haukugawiwa sawa kwa sayari zote. Mshtarii imeinama nyuzi 3 tu, na misimu yake haina tofauti ya kutajika. Mirihi imeinama nyuzi 25, karibu sawa na Dunia, nayo ina kiangazi na kipupwe. Uranusi imelala ubavu kabisa, nyuzi 98, hivyo kwamba katika mwaka wake, ambao ni sawa na miaka 84 ya kwetu, kila ncha yake hukaa miaka 42 ndani ya mwanga na miaka 42 gizani. Mwalimu anaweza kuuonyesha mwinamo wa Dunia kwa kijiti tu. Mwishoni mwa Februari na tena katikati ya Oktoba, adhuhuri, Jua huwa utosini kabisa mwa Kilwa, na kijiti kilichosimama wima hakina kivuli. Siku nyingine zote za mwaka, kivuli cha adhuhuri huangukia ama kaskazini ama kusini.

Zuhura ndiyo jirani wa kutisha. Kwa ukubwa inakaribiana sana na Dunia, nayo ndiyo taa inayong'aa kuliko zote angani baada ya Jua na Mwezi. Watu huiita nyota ya asubuhi au nyota ya jioni kutegemea zamu yake, na haionekani usiku wa manane kwa sababu haiendi mbali na Jua zaidi ya nyuzi 47. Asubuhi ya 6 Juni 2012, Jua lilipochomoza baharini mbele ya pwani hii, Zuhura ilikuwa tayari ndani ya uso wake, doa dogo jeusi la duara. Ilitoka ukingoni kabla ya saa mbili asubuhi. Miaka minane nyuma, 8 Juni 2004, mpito kama huo ulionekana Afrika Mashariki tangu mwanzo hadi mwisho, kuanzia saa mbili na ushei asubuhi hadi karibu saa nane na nusu mchana. Kwa kuipima mipito ya namna hiyo mwaka 1761 na 1769, wataalamu waliweza kukadiria vizuri umbali wa Jua. Mpito unaofuata ni Desemba 2117. Hakuna mtu mzima wa leo atakayeuona.

Uzuri wa Zuhura uko kwa mbali tu. Hewa yake ni hewa ukaa kwa asilimia 96, mawingu yake yana asidi ya salfa, na mgandamizo wa hewa ardhini kwake ni kama wa kina cha mita 900 baharini. Joto lake ni nyuzi 465 hivi, usiku na mchana. Chubwi za risasi ambazo wavuvi hutumia kuzamisha nyavu zingeyeyuka zikawa maji. Chombo cha Kisovieti cha Venera 7 kilitua huko 15 Desemba 1970, cha kwanza kutuma habari kutoka ardhi ya sayari nyingine, na Venera 13 ya mwaka 1982 ilidumu kwa zaidi ya saa mbili kabla ya kuzima.  

Zuhura iko karibu na Jua, lakini ukaribu peke yake hauelezi joto hilo. Zebaki iko karibu zaidi na bado Zuhura inaishinda kwa joto. Kinachoiunguza ni blanketi la hewa ukaa, linaloruhusu mwanga kuingia na kulizuia joto kutoka. Ushahidi kwamba Dunia nayo inaongozwa na kanuni hiyo hiyo uko chini ya miguu ya watu wa Kilwa na Lindi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanajiolojia kutoka Uingereza na kwingineko, wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, walichimba visima vyembamba katika maeneo hayo na kutoa nguzo za udongo wa mfinyanzi uliolala pale kwa mamilioni ya miaka. Ndani yake mlikuwa na makombe ya viumbe vidogo vya bahari, foraminifera, ambavyo huonekana vizuri kwa hadubini tu. Kwa kuwa mfinyanzi haupitishi maji kwa urahisi, makombe hayo yalihifadhika kwa namna ambayo ni nadra kupatikana mahali pengine.

Kemia ya makombe hutunza kumbukumbu ya bahari yalimoishi. Mwaka 2009 Paul Pearson na wenzake wawili walitumia makombe ya Tanzania kuonyesha kwamba yapata miaka milioni 34 iliyopita, hewa ukaa ilipungua wakati ule ule barafu kubwa ya Antaktiki ilipokuwa inaanza kujengeka. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature. Kwa mwandishi wa makala hii, udongo huu unastahili heshima sawa na magofu ya Husuni Kubwa, kwa kuwa unaeleza sababu ya Dunia kuwa na barafu kwenye ncha zake na kwa nini barafu hiyo inaweza kutoweka. Wanafunzi wengi wa Kilwa hupita juu yake kila siku kwenda shule bila kuambiwa.

Mirihi ni nyekundu kwa sababu ile ile inayoufanya udongo wa Nachingwea uwe mwekundu: chuma kilichoshika kutu. Siku yake ni saa 24 na dakika 39, na mwaka wake siku 687. Mlima wake mkubwa, Olympus Mons, una kimo cha kilomita 22 hivi, karibu mara nne ya Kilimanjaro. Lakini hewa yake haifiki hata asilimia 1 ya uzito wa hewa yetu, na maji hayawezi kukaa wazi juu ya ardhi. Hata hivyo, mikondo mikavu na udongo uliotuama maziwani huonyesha kwamba zamani maji yalitiririka huko, ndiyo maana Mirihi imepelekewa vyombo vingi kuliko sayari nyingine ya mawe. Aprili 2021 kihelikopta kidogo cha Marekani, Ingenuity, kiliruka katika hewa hiyo nyembamba. Miezi miwili kabla yake, 9 Februari 2021, chombo cha al-Amal kilianza kuizunguka Mirihi. Kilitumwa na Falme za Kiarabu, nchi ambamo leo imo Julfar ya Ibn Majid.

Kati ya Mirihi na Mshtarii kuna mawe yasiyohesabika yanayolizunguka Jua. Baadhi hugongana, vipande vikapotea njia, na vichache hufika Dunia. Tanzania imehifadhi kimoja cha kutajika: Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, kipande chenye urefu wa mita 3 na uzito wa takriban tani 16, ambacho asilimia kama 90 ni chuma na kiasi kingine ni nikeli. Chuma kingi cha Dunia kilizama katikati yake ilipokuwa bado ya moto. Mtu anayeweka kiganja juu ya kimondo kile anagusa kitu kinachofanana na kiini cha sayari, ambacho hakuna kisima kitakachowahi kukifikia hapa kwetu.

Mshtarii ni mfalme kwa kila kipimo. Uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya sayari nyingine zote zikiwekwa pamoja, na Dunia 11 zingepangwa upande hadi upande kuvuka upana wake. Haina ardhi ya kukanyaga, ni gesi inayozidi kuwa nzito kuelekea ndani, na dhoruba yake nyekundu, ambayo imechunguzwa kwa zaidi ya karne moja, ni pana kuliko Dunia. Darubini ya kawaida ya mkononi, ikiegemezwa vizuri kwenye ukuta, huonyesha miezi yake minne kama nukta zilizopangika mstari. Galileo aliiona Januari 1610, na kuanzia hapo ikawa vigumu kudai kwamba kila kitu angani huizunguka Dunia.

Mmoja wa miezi hiyo, Io, una habari ambayo wachokoaji pweza wa Songosongo wataielewa upesi. Wao huenda mwambani wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo Jua na Mwezi huvuta kwa pamoja na maji hukupwa mbali. Siku za maji mafu mivutano hiyo hupingana, na mwamba haufunuki sana. Nguvu hiyo hiyo, kwa ukali mkubwa zaidi, inatoka Mshtarii na kuukamua Io, mwamba kwa mwamba, hadi ndani yake pakayeyuka, na volkano zake zikawa nyingi kuliko za gimba lolote linalojulikana. Kwa upande wetu, sayari hazina sehemu katika kupwa na kujaa. Zuhura inapokuwa karibu kabisa na Dunia, mvuto wake juu ya bahari haufiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya ule wa Mwezi. Anayesema sayari zikijipanga bahari itafurika anawatia watu hofu bure.

Zohali inajulikana kwa pete zake, ambazo zimefanyika kwa vipande vya barafu, vingine kama punje za mchanga, vingine kama nyumba. Chombo cha Cassini kiliizunguka kwa miaka 13 hadi Septemba 2017, na vipimo vyake vya mwisho viliwafanya wataalamu kadhaa kukadiria kwamba pete hizo zina umri wa miaka isiyozidi milioni 100 hivi. Wengine wanapinga, na mjadala haujafungwa. Iwapo makadirio hayo ni sahihi, kuna viumbe wa Lindi walioishi kabla ya pete za Zohali. Kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi, kilitoa mifupa ya dinosaria walioishi miaka milioni 150 iliyopita. Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913, kazi ya mikono ikifanywa na mamia ya wenyeji wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, na zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa vichwani hadi bandari ya Lindi. Mnyama mkubwa kati yao, mwenye kimo cha mita 13, amesimama hadi leo katika makumbusho ya Berlin. Ni haki ya watu wa Lindi kumjua vizuri zaidi kuliko wanavyomjua sasa.

Berlin ndiko pia Neptuni ilikotambuliwa. Uranusi ilikuwa imegunduliwa na William Herschel mwaka 1781, lakini mwendo wake haukufuata hesabu. Mfaransa Urbain Le Verrier alipiga hesabu mahali panapopasa kuwa na sayari nyingine inayoivuta, na usiku wa 23 Septemba 1846 Johann Galle aliielekeza darubini hapo, akaiona. Mwaka wa Neptuni ni sawa na miaka 165 yetu. Tangu Ibn Battuta aondoke Kilwa, imelizunguka Jua mara nne na ushei tu, wakati Zebaki imeshalizunguka zaidi ya mara 2,800. Chombo kimoja tu, Voyager 2, kimezipitia sayari hizi mbili za mwisho, Uranusi mwaka 1986 na Neptuni mwaka 1989.

Rangi yao ya buluu inatokana na gesi ya methani, inayomeza mwanga mwekundu. Gesi hiyo Kilwa haihitaji kutambulishwa. Iligunduliwa chini ya kisiwa cha Songosongo mwaka 1974, na tangu 2004 imekuwa ikipita bombani kwenda Dar es Salaam kuzalisha umeme, nayo kwa sehemu kubwa kabisa ni methani. Kwenye Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya Zohali, baridi ni nyuzi 179 chini ya sifuri, na methani huko si gesi tu. Hunyesha kama mvua, hutiririka mitoni na kujaa maziwani. Chombo cha Huygens kilitua huko 14 Januari 2005 na kupiga picha za mawe ya barafu yaliyosuguliwa yakawa ya mviringo.

Hamu ya watu kujua mambo haya ipo. Tarehe 1 Septemba 2016, Jua lilipopatwa na kubaki pete, Rujewa mkoani Mbeya ilijaa wanafunzi na wananchi, na Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa miongoni mwa wataalamu waliojitolea kueleza tukio hilo kwa lugha nyepesi. Mikoa ya kusini inahitaji siku nyingi za namna hiyo, na haina sababu ya kungoja kupatwa kwa Jua.

Walimu wa sayansi wa Kilwa, Lindi na Mchinga wanaweza kuanza wiki hii kwa daftari na penseli. Wachague taa moja angavu isiyometameta, wanafunzi waichore pamoja na nyota zilizo jirani yake, waandike tarehe na saa, na warudie kila baada ya wiki mbili hadi muhula uishe. Wasitazame Jua moja kwa moja kwa macho wala kwa darubini, hata linapokaribia kuzama. Shule ikipata darubini ya mkononi, hata ya kuazima, ianze na Mshtarii: miezi minne ya Galileo huhama mahali kila usiku, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuihesabu mwenyewe.